Kupima upitishaji umeme wa plazma kwa taa mbili za tyubu: mwongozo kamili

Chukua taa ya tyubu ya wati 36, ile ya futi nne, usome katalogi yake: volteji ya taa ikiwaka ni 103, mkondo ni ampea 0.43. Ukigawanya unapata ukinzani wa karibu omu 240. Ukiweka na urefu na kipenyo cha tyubu, hesabu ya kawaida ya ukinzani wa waya inakupa upitishaji umeme wa gesi inayowaka humo ndani: simensi 10.6 kwa mita (simensi ni kinyume cha omu). Rudia hesabu hiyohiyo kwa taa ya wati 18, ya futi mbili, yenye volti 57 na ampea 0.37. Safari hii unapata simensi 8.1 kwa mita.

Gesi ni ya aina moja na kipenyo ni kimoja. Mkondo umepishana, na hilo linaeleza karibu nusu ya pengo. Nusu iliyobaki ni kosa la kipimo, na kosa lenyewe limejificha kwenye ncha za taa. Anayepima plazma, yaani gesi ambayo sehemu ya atomi zake zimepoteza elektroni, kama anavyopima waya, kwa kushika ncha mbili na kugawanya volti kwa ampea, anapima plazma pamoja na elektrodi (sehemu za chuma kwenye ncha zinazoingiza na kutoa mkondo), na elektrodi zina tabia zao ambazo hazihusiani na upitishaji wa gesi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuziondoa elektrodi kwenye hesabu. Hilo likishafanyika, kinachobaki ni kazi ya multimita na utepe wa kupimia.

Nimechagua taa ya tyubu kwa sababu ndiyo plazma ya maabara iliyo rahisi kupatikana. Pampu ya vakyumu haihitajiki, kioo kimeshafungwa kiwandani, na ndani mna argoni ya paskali mia chache (aina nyingine huchanganywa na kriptoni) pamoja na mvuke wa zebaki wa chini ya paskali moja. Lakini harakisha. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji, uagizaji na usafirishaji nje wa taa hizi ifikapo mwaka 2027. Ukienda dukani angalia vizuri, maana tyubu nyingi zinazouzwa sasa ni za LED zenye umbo lilelile. Unayoitaka ina alama ya Hg, yaani zebaki.

Nini hasa kinapimwa

Upitishaji umeme, σ, ni msongamano wa mkondo ugawanywe kwa uga wa umeme unaousukuma:

σ = J / E

J ni ampea kwa kila mita ya mraba ya mkato wa tyubu, E ni volti kwa kila mita ya urefu. J ni rahisi, kwani mkondo wote unaoingia upande mmoja unatokea wa pili. Shida iko kwenye E. Volti 103 za taa hazikugawanyika sawasawa kuanzia ncha hadi ncha. Mbele ya kathodi (elektrodi ya upande hasi), ndani ya milimita chache, zinamezwa volti kumi au zaidi, kwa sababu pale ndipo elektroni zinapong'olewa kwenye nyuzi na kupewa kasi. Anodi, ya upande chanya, nayo ina kiasi chake. Katikati ya ncha hizo kuna safu ndefu inayong'aa sawasawa, ambayo wanafizikia huiita safu chanya, na humo E haibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Upitishaji unaoutafuta ni wa safu hiyo.

Dawa yake ni tyubu mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa urefu, zikipitishiwa mkondo uleule. Ncha zinakula volti zilezile katika zote mbili. Ukitoa volteji ya fupi kutoka kwenye ya ndefu, ncha zinafutika, na kinachobaki ni volteji ya kipande cha safu chenye urefu sawa na tofauti ya tyubu hizo.

Vifaa

Tafuta tyubu tatu za wati 18 na tatu za wati 36, zote T8 (kipenyo cha nje milimita 26), za mtengenezaji mmoja, rangi moja ya mwanga, na ikiwezekana za shehena moja. Tatu tatu, kwa sababu tyubu hutofautiana hata zikitoka kiwanda kimoja, na tofauti hiyo inaonekana tu ukiwa na zaidi ya moja.

Upande wa umeme unahitaji chanzo cha umeme wa moja kwa moja, yaani DC, cha volti 250 hadi 300 na nusu ampea, kilichotenganishwa na gridi kwa transfoma. Reostati, yaani kinzani kinachorekebishika, ya omu 1,000 inayobeba ampea moja. Choki (koili ya waya) ya kawaida ya taa ya wati 36. Kitufe cha kubonyeza kinachostahimili volteji ya juu, kitakachofanya kazi ya stata, yaani kiwashio cha taa. Swichi ya kugeuza chanya na hasi. Na multimita mbili. Ongeza termokapo (kipimajoto cha waya) ya kubandika kwenye kioo na vernia ya kupimia kipenyo.

Kwa nini DC na siyo umeme wa ukutani? Kwa sababu katika umeme wa hezi 50 mkondo unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na upitishaji unapanda na kushuka pamoja nao. Unapata wastani wa kitu kisichotulia. Nitarudi hapo baadaye kwa ajili ya asiye na chanzo cha DC.

Usalama

Volti 250 za DC zinaua. Usifanye kazi hii peke yako. Unganisha kila kitu chanzo kikiwa kimezimwa, subiri kapasita zake zitoke chaji, pima kwanza, ndipo uguse. Usijaribu kabisa kunyoosha umeme wa gridi kwa daiodi bila transfoma ya kutenganisha: saketi yote itakuwa imeunganishwa na gridi, na mwili wako utakuwa njia ya kwenda ardhini.

Tyubu ikivunjika, fungua madirisha na mtoke nje kwa dakika 15. Usifagie kwa ufagio, kwani unatawanya zebaki. Kusanya vipande kwa kadi ngumu, maliza unga kwa utepe wa gundi, tia vyote kwenye chombo chenye kifuniko. Kwa sababu hiyohiyo usivunje tyubu nzima ili kupima unene wa kioo. Tumia takwimu ya mtengenezaji. Kwa T8 ni karibu milimita 0.75, hivyo kipenyo cha ndani ni kama milimita 24.5.

Kuunganisha na kuwasha

Panga kwa mfululizo: chanya ya chanzo, ampimita, reostati, choki, pini moja ya ncha ya kwanza ya taa; kisha pini moja ya ncha ya pili, na kurudi hasi ya chanzo. Swichi ya kugeuza ikae kwenye nyaya mbili zinazoingia taani. Pini mbili zilizobaki, moja kila ncha, ziunganishwe na kitufe.

Reostati si pambo. Mkondo wa taa ukiongezeka, volteji yake inapungua. Taa iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo itavuta mkondo mpaka kitu fulani kiungue. Kwa volti 250 na ampea 0.40, taa ndefu inahitaji jumla ya karibu omu 365 mbele yake, na fupi karibu omu 480, ukihesabu pamoja na makumi ya omu ya choki. Reostati itapata moto, karibu wati 70 kwa taa fupi, kwa hiyo iweke mbali na karatasi.

Choki haizuii DC, iko pale kwa ajili ya kuwasha tu. Bonyeza kitufe kwa sekunde mbili: mkondo unapita kwenye nyuzi zote mbili na kuzipasha moto. Achia. Choki inarusha pigo la mamia ya volti, na taa inawaka. Ikigoma, rudia.

Pigo hilo ndilo linaloua multimita. Voltimita iwe na swichi yake, na uifunge baada ya taa kuwaka. Iunganishe kwenye zile pini mbili za kitufe, siyo za upande wa chanzo. Taa ikishawaka pini za kitufe hazibebi mkondo, kwa hiyo husomi volteji inayopotea kwenye soketi zilizolegea. Ni jambo dogo linalookoa sehemu ya volti bila gharama.

Kusoma

Iache taa iwake dakika 15 kabla ya kuandika chochote. Shinikizo la zebaki linafuata sehemu ya kioo iliyo baridi kuliko zote, na volteji itasogea mpaka halijoto itulie. Zima feni, funga dirisha lenye upepo. Bandika termokapo katikati ya tyubu. Usomaji wa ndefu na fupi ufanyike kioo kikiwa kwenye halijoto zinazokaribiana, zisipishane zaidi ya nyuzijoto 2 au 3.

Kisha soma volteji kwenye mikondo minne au mitano kati ya ampea 0.25 na 0.43. Chini ya hapo kathodi inapoa, volti za ncha zinapanda ovyo, na nyuzi zinaanza kuliwa.

Kuna tabia moja ya DC itakayokusumbua. Zebaki iliyopoteza elektroni inasukumwa kuelekea kathodi. Baada ya muda upande wa anodi unafifia na kubadilika rangi kwa kukosa zebaki, na safu haifanani tena kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo baada ya kila seti ya usomaji zima chanzo, geuza swichi, washa tena, usome upya. Chukua wastani wa pande zote mbili. Ukiona pande mbili zinapishana kwa zaidi ya volti moja au mbili, umeiacha muda mrefu mno upande mmoja.

Badilisha tyubu, rudia, mpaka zote sita zimalizike.

Hesabu

Nitatumia takwimu za katalogi ili ufuatilie namba. Zako zitakuwa bora, kwa kuwa mkondo wako utakuwa uleule kwa tyubu zote.

Urefu wa kioo na vifuniko bila pini: milimita 1199.4 kwa ndefu na 589.8 kwa fupi. Tofauti ni mita 0.61. Tofauti ya volteji ni 103 − 57 = 46. Kwa hiyo E = 46 / 0.61 = volti 75 kwa mita.

Mkato wa ndani: π × (0.01225)² = 4.71 × 10⁻⁴ mita za mraba. Kwa mkondo wa kati, ampea 0.40, J = 849 ampea kwa mita ya mraba. Basi:

σ = 849 / 75 ≈ simensi 11 kwa mita

Zidisha E kwa urefu wa taa fupi: 75 × 0.59 ni volti 44. Taa ilionyesha 57. Volti 13 zilizobaki ni za ncha, na hicho ndicho kiasi cha kutarajia kwa kathodi yenye moto. Hesabu hii ndogo usiiruke. Ukipata volti za ncha 3 au 40, kuna kitu hakiko sawa: tyubu za aina mbili tofauti, halijoto zilizopishana, au kathodi iliyochoka.

Simensi 11 kwa mita ni zaidi ya mara mbili ya maji ya bahari, ambayo yana karibu 5. Shaba ina milioni 58.

Kuhusu makosa: kila volteji ikiwa na shaka ya asilimia 1, tofauti ya volti 46 ina shaka ya asilimia 2.6, kwa sababu unatoa namba kubwa kutoka namba kubwa. Kipenyo cha ndani kikiwa na shaka ya milimita 0.4, eneo linapata zaidi ya asilimia 3. Kwa pamoja ni kama asilimia 4 hadi 5. Kwa hiyo andika 11.3 ± 0.5, na mtu akikuonyesha jibu lenye tarakimu nne, muulize aliupimaje unene wa kioo.

Chora σ dhidi ya mkondo. Mkondo ukiongezeka maradufu, σ inaongezeka zaidi ya maradufu, kwa sababu E yenyewe inashuka kidogo. Waya haufanyi hivyo. Kwenye taa mkondo ndio unaozalisha elektroni zinazoubeba.

Je, namba ina mantiki?

Kwa plazma yenye atomi nyingi zisizo na chaji:

σ = n e² / (m ν)

n ni idadi ya elektroni kwa mita ya ujazo, e na m ni chaji na tungamo la elektroni, ν ni mara ngapi elektroni inagongana kwa sekunde. Kwa argoni ya paskali 400, na elektroni zenye halijoto ya karibu elektroni-volti 1 (zaidi ya kelvini 11,000, ingawa kioo ni cha kushikika), ν ni takriban 1.3 × 10⁹. Weka σ uliyoipima, utapata n ya karibu 5 × 10¹⁷. Vipimo vya taa hizi kwa njia nyingine huangukia kati ya 10¹⁷ na 10¹⁸, kwa hiyo jibu linakaa mahali pake. Kumbuka huu ni wastani wa mkato mzima. Elektroni hujazana katikati na kupungua kuelekea kioo, na pale katikati n inaweza kuwa kama mara 2.3 ya wastani.

Wapo wanaofungua kitabu, wakaona fomula ya Spitzer ya upitishaji wa plazma, wakaitumia kwenye taa. Inatoa karibu simensi 2,000 kwa mita, kubwa kuliko kipimo kwa zaidi ya mara 150. Fomula hiyo, ya Spitzer na Härm ya mwaka 1953, ni sahihi, ila ni ya gesi iliyopoteza elektroni karibu zote, ambamo elektroni zinapunguzwa kasi na ioni (atomi zilizopoteza elektroni) peke yake. Kwenye taa, atomi za argoni ambazo hazijaguswa zinazizidi ioni kwa mara laki moja na zaidi, na ndizo zinazozuia njia.

Ukiwa na umeme wa gridi tu

Inawezekana, kupitia transfoma ya kutenganisha na osiloskopu, kifaa kinachochora volteji kadiri muda unavyopita. Usiamini V gawanya I za multimita. Zidisha zile za katalogi: 103 × 0.43 ni wati 44, wakati taa inakula 36. Pengo hilo linatokana na maumbo ya mawimbi. Mkondo una umbo la karibu wimbi la kawaida, volteji ina umbo la karibu mraba. Badala yake, soma volteji na mkondo kwa wakati mmoja kwenye kilele cha mkondo, kwa taa zote mbili, na fanya utoaji uleule kwa vilele vya mkondo vilivyolingana. Hapo σ yako ni ya ile nukta moja ya wakati, na useme hivyo kwenye ripoti.

Balasti za kielektroniki, zinazochukua nafasi ya choki na kuendesha taa kwa kilohezi 20 na zaidi, ni habari nyingine. Elektroni hazipati muda wa kutoweka kati ya mzunguko na mzunguko, n inabaki ilipo, na taa inajifanya kama rezista ya kawaida.

Ukiwa na tyubu yako na pampu

Mwenye vakyumu ana njia safi zaidi: ingiza vichunguzi viwili ndani ya safu yenyewe. Waya wa tangsteni wa milimita 0.3 ndani ya kijibomba cha kauri, ncha ya milimita 3 ikiwa wazi, viwili vikiwa umbali wa sentimita 5, mbali na elektrodi zote. Viache vielee bila kuunganishwa na chanzo, na soma tofauti ya volteji kati yake. Gawanya kwa umbali, hiyo ni E.

Voltimita lazima iwe na ukinzani mkubwa. Katika argoni yenye n ya 10¹⁶, kichunguzi cha ukubwa huo kinakusanya ioni za mkondo wa maikroampea 6 hivi. Mita ya megaomu 10 ikisoma volti 4 inavuta maikroampea 0.4, kiasi kinachovumilika. Mita ya zamani ya mshale, yenye kilo-omu mia chache, itavuta zaidi ya kichunguzi kinavyoweza kutoa, na utasoma volti chache kuliko zilizopo ukidhani plazma inapitisha umeme vizuri kuliko ilivyo.

Vichunguzi hivyohivyo, ukiviwekea volteji ya betri kati yake na kuibadilisha kutoka hasi hadi chanya, vinakupa mchoro wa mkondo unaojaa, yaani usioongezeka tena, pande zote mbili. Njia hiyo ni ya Johnson na Malter, ya mwaka 1950. Mteremko katikati pamoja na mkondo wa kujaa unakupa halijoto ya elektroni, na kutoka hapo n. Unakuwa na σ kwa umeme na σ kwa idadi ya elektroni, kutoka tyubu ileile.

Plazma isiyogusika

Kuna plazma zinazoyeyusha kichunguzi au kupita kabla hujasoma. Mwaka 1955 Lin, Resler na Kantrowitz walipima argoni iliyopashwa na wimbi la mshtuko bila kuigusa. Waliizungushia tyubu koili, wakaweka uga wa sumaku, na gesi inayopitisha umeme ilipopita ikausukuma uga huo na kuzalisha volteji kwenye koili ya pili. Ukubwa wa volteji hiyo unalinganishwa na ule wa kipande cha metali chenye upitishaji unaojulikana kilichorushwa ndani ya koili hizohizo.

Kwenye tokamaki, mashine inayoshikilia plazma yenye joto kali kwa sumaku, hakuna elektrodi kabisa, kwa hiyo tatizo la ncha tuliloanza nalo halipo. Plazma ni pete, na volteji ya kuizunguka inasomwa kwa waya mmoja uliopita sambamba nayo. Hapo fomula ya Spitzer inafaa: kwa elektroni za kiloelektroni-volti 1, upitishaji unakaribia ule wa shaba. Wapimaji huitumia pia kinyumenyume. Halijoto inapimwa kwa leza, upitishaji uliotarajiwa unahesabiwa, na unalinganishwa na ule wa volteji na mkondo. Uliopimwa ukiwa mdogo kuliko uliotarajiwa, plazma imeingiwa na kaboni au metali kutoka ukutani, na kiasi cha uchafu huo kinakadiriwa kutokana na pengo lenyewe.